Sanduku la Maswali: Muhuri wa Tano wa El Greco

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu picha tuliyoichapa ndani ya jalada la toleo lililopita: mtu mrefu mwenye joho la buluu amepiga magoti na kuinua mikono, na nyuma yake kuna watu walio uchi wanaoletewa nguo nyeupe. Ni mchoro wa El Greco, mzaliwa wa kisiwa cha Krete aliyefia Toledo, Hispania, na huitwa Kufunguliwa kwa Muhuri wa Tano, au Maono ya Mtakatifu Yohana. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Nimesoma Ufunuo sura ya 6 huku nimeshika picha yenu. Andiko linasema roho ziko chini ya madhabahu, na anayefungua muhuri ni Mwanakondoo. Madhabahu siioni, Mwanakondoo simwoni, muhuri wenyewe haupo. Mchoraji hakusoma vizuri, au ninyi mliichapa nusu? – Katekista, Masaka

Tuliichapa nzima. Picha yenyewe ndiyo iliyobaki nusu.

Leo ina kimo cha sentimita 222.3 na upana wa sentimita 193. Mwaka 1880, ilipopelekwa kutengenezwa, sehemu ya juu ilikatwa, na inakadiriwa kwamba kilichoondolewa hakipungui sentimita 175. Ukijumlisha, El Greco alikuwa ameandaa kitambaa kilichokaribia mita 4 kwenda juu. Wanaoichunguza picha hii wanadhani kwamba Mwanakondoo na muhuri vilikuwa huko juu, au vilikusudiwa kuwekwa huko. Mtazame Yohana mwenyewe uone kama dhana hiyo haina mantiki: wafiadini walio nyuma yake hawaangalii hata kidogo. Uso ameupindua juu, macho yanapita ukingo wa picha, na mikono yote miwili inaelekea huko huko. Anatazama kitu ambacho sisi tumenyang'anywa.

Tena kazi haikumalizika. Mkataba ulitiwa saini Novemba 1608, wa kuchora picha za altare katika kanisa la hospitali ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, nje ya ukuta wa Toledo, hospitali iliyoanzishwa na Kardinali Tavera. El Greco alifariki tarehe 7 Aprili 1614 kabla ya kuzikabidhi, zikabaki mikononi mwa mwanawe Jorge Manuel. Picha ya Kupashwa Habari Maria, iliyokuwa ya mradi huo huo, nayo ilikatwa: chini iko Hispania, na juu, penye malaika wanaopiga vinanda, iko Athens. Basi ukiona mahali kwenye Muhuri wa Tano ambapo rangi ni kama imepitishwa mara moja tu ikaachwa, usifikiri ni falsafa. Pengine mzee hakuirudia. Pengine aliirudia, na wasafishaji wa baadaye wakaikwangua. Uso wa picha umechakaa sana.

Kuhusu andiko, mchoraji alilisoma vizuri. Aya ya 9 inataja roho za waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu, ya 10 inawaonyesha wakilia wakiuliza mpaka lini, na ya 11 inasema kila mmoja alipewa joho jeupe na kuambiwa angoje bado kidogo. Kilichochorwa ni aya ya 11. Watoto wenye mabawa ndio wanaoshusha nguo, na upande wa kulia kuna mtu anayejinyoosha kupokea yake.

Kukatwa huko kuliizulia picha hata jina la uongo. Kwa kuwa hakukuwa na mbingu juu, watu waliona miili mitupu na mashuka ya rangi, wakaiita Mapenzi ya Kidunia. Jina hilo lilishika mpaka mwaka 1908, mtaalamu wa sanaa Mhispania Manuel B. Cossío alipopendekeza kwamba hii ni sura ya 6 ya Ufunuo. Na kwa wale wasomaji watatu waliowachanganya: Yohana wa hospitali ni Mbatizaji, ila huyu aliyepiga magoti ni Yohana wa Ufunuo.

Ni kweli El Greco alikuwa na astigmatizimu, kasoro ya jicho inayopotosha maumbo, ndiyo maana watu wake wamevutika? Hapa kliniki tunabishana. – Msaidizi wa kliniki ya macho, Mbale

Si kweli, na ninyi ndio mnaoweza kuipima hoja hiyo vizuri zaidi. Jicho linalorefusha mtu aliyesimama mbele yako litarefusha pia mtu uliyemchora kitambaani. Mchoraji ataendelea kurekebisha mpaka hao wawili wafanane, na wakifanana kwake watafanana na kwetu. Kasoro inajifuta yenyewe.

Halafu angalieni picha alizochora za watu waliokaa mbele yake wachorwe. Padri Paravicino, aliyemchora mwaka 1609, miaka ile ile ya Muhuri wa Tano, ana kichwa, mabega na mikono ya mtu wa kawaida. Kurefusha alikuchagua. Alikulia katika uchoraji wa ikoni za Krete, yaani picha takatifu za kanisani, ambako mtakatifu hapimwi kwa rula, kisha akaenda Venezia na Roma wakati mtindo wa Manerisimu, unaorefusha na kupinda miili, umeenea Italia nzima. Mchoraji Mwitalia Parmigianino alianza kumchora Maria mwenye shingo ndefu mwaka 1534, miaka 7 kabla El Greco hajazaliwa. Nani alimpa Parmigianino miwani mibovu?

Kuna na jambo la karakana. Mchoraji Francisco Pacheco alimtembelea El Greco mwaka 1611 akaona vinyago vya udongo alivyovifinyanga ili avitumie kuchorea. Kinyago unaweza kukigeuza, kukilaza, kukimulika kwa mshumaa kutoka ubavuni. Mtu hai hawezi kukaa hivyo hata dakika 5. Ukiona miili ya Muhuri wa Tano ina mwanga mkali upande mmoja na haina uzito ardhini, kumbuka vinyago hivyo.

Kikundi chetu cha vijana karibu na Kyaliwajjala kinataka kunakili picha hii kwa rangi za mafuta, kiasi cha mita moja, itundikwe ukumbini wakati wa hija ya mashahidi wa Uganda huko Namugongo, tarehe 3 Juni. Tumezoea kuchora mabango kwa rangi ya ukuta tu, na pesa ni kidogo. Tuanzie wapi? – Katibu wa kikundi, Wakiso

Anzieni kwenye kalenda. Rangi ya mafuta haikauki kwa kutoa maji kama ya ukuta. Inakauka kwa kuvuta hewa, na chumba chenye unyevu na giza huichelewesha. Mvua za Machi hadi Mei zitawakuta katikati ya kazi. Anzeni Januari. Kazi ya mkono si zaidi ya wiki 6, muda unaobaki ni wa kungoja tabaka zikauke.

Ukubwa unaofaa ni sentimita 115 kwa 100, kwa sababu unalingana na uwiano wa picha ilivyo leo. Pakueni faili kwenye tovuti ya Metropolitan Museum of Art, makumbusho ya New York yenye picha hii, chapeni kwenye karatasi ya A4 ikiwa na kimo cha sentimita 23 na upana wa 20, kisha pimeni kwa rula kabla ya kulipa. Mashine za kuchapa hupenda kuivuta picha ijaze karatasi, na hapo Yohana atanenepa. Pigeni miraba ya sentimita 2 juu ya chapa. Kila mraba utakuwa sentimita 10 kwenye kitambaa: 10 kwa upana, 11 na nusu kwa kimo. Wekeni herufi juu na namba ubavuni, pande zote mbili. Msinakili kutoka kwenye skrini ya simu. Mwanga wake hubadilika jua likipita dirishani, na kila kijana atachanganya buluu yake.

Fremu ni mbao za paini zilizokauka, sentimita 5 kwa 2.5, na ubao mmoja wa kukatiza katikati ili pande ndefu zisipinde. Chongeni ukingo wa ndani uelekee nyuma kidogo. Msipofanya hivyo kitambaa kitagusa mbao, na baada ya miezi michache mstari wa mbao utaonekana mbele. Pimeni pembe kwa pembe: mishazari yote miwili iwe sentimita 152.4. Ikitofautiana hata kwa nusu sentimita, miraba yenu haitakaa sawa.

Kanvasi ya dukani ni ghali. Amerikani nzito inatosha kabisa, mradi ifuliwe kwanza kwa maji ya moto ili wanga utoke na kitambaa kirudi. Kateni sentimita 130 kwa 115. Pigeni msumari mmoja katikati ya kila upande, kisha endeleeni kuelekea pembeni mkivuta pande zinazotazamana kwa zamu, msumari mmoja kila sentimita 5. Anayeanza na pembe hupata mikunjo isiyotoka.

Sasa gundi. Mafuta yakigusa nyuzi za pamba moja kwa moja, nyuzi huwa kahawia, kisha hukatika. Changanyeni sehemu 1 ya gundi nyeupe ya mbao na sehemu 3 za maji, pakeni mara moja, ikauke usiku kucha. Juu yake pakeni jeso ya akriliki, rangi nyeupe ya kutangulizia, mara 3, kila tabaka likikatiza lililotangulia, na msasa laini katikati. Hapa ndipo vikundi vingi huokoa pesa kwa kupaka rangi ya ukuta. Msifanye. Rangi ya ukuta imetengenezwa kwa ajili ya plasta isiyotikisika; juu ya kitambaa itapasuka mara ya kwanza picha inapobebwa. Rangi ya mlango inayong'aa ni mbaya zaidi, kwani rangi za mafuta hazishiki juu yake.

Hatua inayofuata watu huiruka, nayo ndiyo inayoleta sura ya El Greco. Alijifunza kwa Wavenezia kuanzia juu ya rangi ya chini iliyokolea, kahawia yenye wekundu. Lainisheni siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na amba kidogo (kahawia ya giza) kwa tapentaini, pakeni jeso yote, futeni kwa kitambaa ibaki kama udongo wa Buganda ulionyeshewa. Ikikauka, pigeni miraba kwa chaki na chora kwa brashi nyembamba yenye amba, si penseli. Mstari wa penseli unapenya rangi ya juu miaka ikipita.

Wakati wa kuchora, mkono wako utataka kumfupisha Yohana. Mtu wa kawaida ana kimo cha vichwa 7 na nusu hivi, na watu wa El Greco wa uzeeni hupita 9. Kwa kuwa Yohana amepiga magoti, usihesabu kwa mstari mmoja. Pima kichwa kwa penseli, kisha hesabu kiwiliwili, paja na muundi kila kimoja peke yake, ulinganishe na chapa. Angalia pia jinsi kichwa kilivyo kidogo juu ya joho lile kubwa. Wengi hukikuza bila kujua, maana uso ndio wanaoupenda.

Rangi za kununua: nyeupe ya titani tyubu kubwa ya mililita 200, na tyubu ndogo za oka ya njano, siena iliyochomwa, amba iliyochomwa, ultramarini (buluu), alizarini (nyekundu), viridiani (kijani) na nyeusi. Nyeupe ya risasi waliyotumia wazee ni sumu, iacheni. Anzeni na anga, mawingu ya kijivu na giza. Halafu miili: nyeupe, oka na chembe ya nyeusi, igeuke kijivujivu. Miili ya picha hii si ya waridi. Wekundu unaonekana sehemu chache tu, kwenye vifundo na nyuso. Pakeni mwanga mzito palipo na mwanga, na kuelekea kivulini acheni rangi iwe nyembamba mpaka kahawia ya chini ionekane. Ukingo kati ya mwili na shuka uacheni bila rangi kabisa. Mstari ule mweusimweusi unaoonekana kuzunguka watu wa El Greco mara nyingi hakuuchora, ni rangi ya chini aliyoiachia nafasi.

Joho la Yohana lina njia yake. Kwanza litengenezeni lote kwa kijivu, nyeupe na buluu hafifu, mikunjo ikatwe kwa mapigo marefu yaliyonyooka kama bati lililokunjwa. Liacheni likauke vizuri. Kisha chukueni ultramarini iliyolainishwa kwa mafuta ya kitani, pakeni juu tabaka jembamba linalopitisha mwanga, na futeni kwa kidole palipo na mwanga. Hivyo hivyo shuka la njano na la kijani yaliyo nyuma ya miili. Mkichanganya buluu na nyeupe sahanini na kuipaka mara moja, mtapata sare ya shule.

Kanuni ya mafuta msiivunje. Tabaka la kwanza lilainishwe kwa tapentaini peke yake. La pili kwa tapentaini sehemu 2 na mafuta ya kitani sehemu 1. La mwisho nusu kwa nusu. Tabaka lenye mafuta mengi likiwa chini, litaendelea kujongea wakati la juu limeshakauka, na la juu litapasuka. Amba hukauka kwa siku moja au mbili, lakini nyeupe ya titani inaweza kumaliza wiki nzima, na nyeusi nayo ni mvivu, kwa hiyo msiitandaze nyeusi chini ya kitu chochote.

Hatuwashauri kummalizia El Greco. Kila tukiona nakala za picha hii, kuna mtu aliyemweka Mwanakondoo kwenye pembe ya juu ili ieleweke. Hakuna nafasi yake pale, na macho ya Yohana hayaelekei hapo. Yanaelekea mbali zaidi. Mkitaka Mwanakondoo, ongezeni kitambaa cha pili juu, sentimita 90 kwa 100, ambacho ndicho kinacholingana na kile kilichokatwa, na andikeni chini kwamba sehemu hiyo ni yenu.

Vanishi isubiri miezi 6 baada ya brashi ya mwisho. Mkimaliza Mei, ni Novemba. Siku ya hija ionyesheni bila vanishi, mbali na moshi wa mishumaa. Kama lazima isafirishwe imekunjwa, izungushwe kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, rangi ikiwa nje. Rangi ikiwa ndani hubanwa na kukatika.

Na matambara! Tambara lililolowa mafuta ya kitani, likirundikwa na mengine, hupata joto lenyewe na linaweza kuwaka usiku bila kiberiti. Kila jioni yawekwe kwenye mkebe wa maji wenye kifuniko, au yatandazwe nje moja moja.

Je, naweza kuichora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mtuba, badala ya kanvasi? – Mwalimu wa sanaa, Jinja

Unaweza, na wazo ni zuri kuliko unavyodhani: rangi ya asili ya lubugo inakaribiana sana na ile kahawia yenye wekundu aliyoanza nayo El Greco. Rangi ya chini umeshaipata bure. Tena ni kitambaa ambacho Baganda huzikia watu wao na kuwavisha wafalme wao siku ya kutawazwa, kwa hiyo hakiwi kigeni kwenye picha ya wafiadini wanaopewa nguo. Utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu.

Tatizo ni kwamba gome la mtuba hunyonya. Tone la mafuta ya kitani litatambaa na kuacha duara jeusi, na baadaye nyuzi zitakuwa kavu na kukatika, kama tulivyosema kuhusu pamba, ila hapa haraka zaidi. Pia halivutiki sawasawa. Ukilipigia misumari kwenye fremu peke yake, litalegea msimu wa mvua na kukaza kiangazi.

Libandike lote kwenye plaiwudi ya milimita 6 kwa gundi nyeupe ya mbao, ukisukuma hewa kutoka katikati kwa chupa inayobingirika, na uweke mzigo juu mpaka kesho yake. Pindua plaiwudi upake gundi hiyo hiyo nyuma, la sivyo itapinda. Kisha pakeni uso wa lubugo kwa akriliki angavu isiyo na rangi, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mara 2. Jaribu kwanza kwenye kipande cha sentimita 10 kwa 10: dondosha mafuta, ngoja siku moja, tazama nyuma. Kukiwa na doa, ongeza tabaka la tatu. Mishono ya viraka usiifiche, ila ipange isipite kwenye uso wa Yohana.

Sisi tungetumia rangi za akriliki, si za mafuta, kwa kazi hii. Jeso nyeupe ipake chini ya miili na majoho tu. Ukiipaka kote, ulinunua lubugo la nini? Ukitundika, acha sentimita 2 kati ya picha na ukuta kwa vipande vya mbao. Unyevu wa ukuta wa kanisa ndio unaoleta ukungu, na wadudu hufuata.

Kamati ya parokia inasema watu walio uchi hawafai kanisani, tuwavalishe. Wengine wanasema tubadilishe kabisa, tuwaweke mashahidi wa Uganda. – Mwenyekiti wa kamati ya sanaa, Mukono

Ubishi huo ni wa zamani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, uliagiza Desemba 1563 kwamba picha za kanisani zisiwe na mambo ya aibu, na mwaka 1565 mchoraji Daniele da Volterra alitumwa kupaka vitambaa juu ya uchi wa Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo. Wenzake walimwita mshona suruali, na jina hilo limebaki mpaka leo. Kwenye picha ya El Greco, hata hivyo, uchi ndio unaobeba andiko: wanapewa majoho kwa sababu hawana. Ukiwavalisha wote mashuka mapema, watoto wa mbinguni watakuwa wanagawa nguo kwa watu waliovaa. Suluhisho ni kuchora dakika inayofuata, ambapo majoho yameshafika mabegani na viunoni. Hilo ni badiliko la mpangilio wa picha tangu kwenye mchoro wa kwanza, si kiraka cha mwishoni.

Mkiamua kuwaweka mashahidi wetu, tafadhali zingatieni historia. Karoli Lwanga na wengi wa wenzake walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, lakini si wote 22 waliotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 walikufa hapo wala siku hiyo. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, Andrea Kaggwa huko Munyonyo tarehe 26 Mei 1886, na Muzeyi alifuata Januari 1887. Kuwatia wote kwenye moto mmoja ni kosa tunaloliona kila mwaka. Ufunuo unawapa wote joho moja jeupe bila kuuliza walivyouawa, na hapo ndipo mchoraji anapata njia ya kuwaweka pamoja bila kudanganya. Na mashahidi wa Kianglikana 23 msiwasahau ikiwa ukumbi ni wa watu wote.

Picasso aliiba picha hii? – Mwanafunzi, Gulu

Hakuiba, aliitazama sana. Mchoraji Mhispania Ignacio Zuloaga aliinunua mwaka 1905, akawa nayo Paris, na Picasso alikuwa akifika kwake. Mwaka 1907 Picasso akachora wanawake watano walio uchi katika Les Demoiselles d'Avignon, kitambaa cha sentimita 243.9 kwa 233.7. Ziweke chapa mbili kando kwa kando: umbo linalokaribia mraba, miili iliyosimama bega kwa bega, mashuka yaliyovunjika kama vigae nyuma yao. Wataalamu wengi wanaona uhusiano wa wazi. Cha kuchekesha ni kwamba umbo hilo la mraba lililompendeza Picasso halikuwa la El Greco. Ni la mkasi wa 1880.

Nikiichapa kwenye kalenda na fulana za kuuza Namugongo nitadaiwa? – Mfanyabiashara, Kampala

Hapana. Mchoraji alifariki mwaka 1614, na makumbusho ya New York, iliyoinunua picha mwaka 1956, iliruhusu tangu Februari 2017 faili za picha zake zisizo na hakimiliki zitumike bure, hata kwa biashara. Unachopaswa kuepuka ni kuchukua picha aliyoipiga mtu mwingine au ukurasa wa kitabu chake.

Kwa kalenda ya A3 inayojaza karatasi unahitaji faili isiyopungua pikseli 3508 kwa 4961; ya WhatsApp haitoshi. Picha ni nyeusi chini na kwenye mawingu, na wino wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, huizidisha giza, kwa hiyo ongeza mwanga kidogo kwenye vivuli kabla ya kupeleka. Kwenye fulana chagua nyeupe au kijivu. Juu ya fulana nyeusi mashine hutanguliza wino mweupe, na ile kijivujivu ya miili hugeuka kama plasta. Mwambie mchapaji akutolee moja ya majaribio, uiangalie nje juani, ndipo umlipe za zote.